Watu Wanazimia kwa Bei Chee

Kengele aliuona mwavuli, na sauti ikamkatika katikati ya neno.

Haikuwa kawaida yake. Watu hawakumbandika jina la Kengele kwa sababu ya ukimya. Alikuwa mnadi wa duka la nguo za bei chee, kazi yake ni kushika kipaza sauti kuanzia mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akikwama. Hata akikohoa, alikohoa kibiashara. Lakini asubuhi ile, akiwa amesimama juu ya meza ndani ya dirisha la maonyesho, katikati ya sanamu mbili zilizovishwa magauni ya maua, aliona juu ya vichwa vya watu mwavuli wa kijani wenye njiti moja iliyovunjika na kufungwa uzi mwekundu. Ule uzi aliufunga yeye mwenyewe.

Mama yake alikuwa ndani ya umati.

Sasa, umati wa namna ile haudondoki tu kutoka mbinguni. Unapikwa, na mpishi wake alikuwa Bosi. Usimwone Bosi vile, mtu mfupi, mpole, ananukia sabuni na hajui kufoka. Kichwani alikuwa na mambo. Magauni yaliletwa dukani yamepigwa pasi na kukunjwa vizuri, naye kila alfajiri aliwaamuru wafanyakazi wayakunjue, wayavuruge na kuyatupa kwenye kikapu kikubwa karibu na mlango. Nguo iliyokunjwa, alisema, inamtisha mwenye pochi nyembamba, inamwambia usiniguse. Iliyovurugwa inamwambia wenzako wameshafika, wewe umelala. Kisha kulikuwa na akina dada wawili wa kukodi, kazi yao kutoka dukani kila mara na mifuko iliyotuna, wakicheka na kujifuta jasho. Ndani ya mifuko mlikuwa na maboksi matupu.

Na kulikuwa na mlango. Duka lilikuwa na mlango mmoja wa chuma, ule wa kukunjika kwenda juu kwa mnyororo, na siku za ofa Bosi alikataza kabisa kuuinua wote. Uishie kiunoni. Mlango ukiwa wazi watu wanapita zao. Ukiwa nusu, lazima mtu ainame aingie mmoja mmoja, na nyuma yake wenzake wanasimama. Mpita njia akiona migongo ya watu hatulii mpaka ajue wanaangalia nini. Naye akisimama, mgongo umeongezeka.

Lakini kiungo chenyewe kilikuwa mdomo wa Kengele.

"Watu hawanunui nguo," Bosi alimwambia siku ya kwanza. "Nguo wanazo. Wananunua ule woga wa kukosa. Wewe kazi yako ni kuwatia huo woga."

Kengele alicheka akadhani ni utani. Baadaye aligundua kwamba ana kipaji cha kazi hiyo, Mungu amsamehe. Alipaza sauti "Yanaisha! Yanaisha!" huku stoo imejaa magauni hadi darini. Alilia "Rudini nyuma jamani, mtatuvunjia duka!" siku ambazo mlangoni palikuwa na mteja mmoja na paka. Akitangaza kwamba mzigo umekwisha kabisa, nusu saa baadaye anatangaza kwamba umefika mwingine, na watu wanashukuru. Na alikuwa na lile lake lililomletea umaarufu. Alikuwa akivuta pumzi, anaita kwa sauti ya mtu aliyeshtuka, "Watu wanazimiaaa!" Na wateja wote, waliomo ndani na walioko nje, wanamjibu, "Kwa bei chee!" Watoto mitaani walilifanya mchezo.

Kwa wiki nzima kabla ya ofa hii, gari la matangazo lilikuwa limepita mtaa kwa mtaa na sauti yake iliyorekodiwa. Magauni ya maua, bei ya kutupa, siku moja tu, atakayechelewa asinilaumu mimi. Kengele alikuwa amemwonya mama yake mapema. "Mama, siku hiyo usije. Nitakuletea gauni nyumbani." Mama ana pumu. Vumbi la kufagia tu linamlaza. Alikuwa ameitikia vizuri, "Sawa mwanangu," na maneno yakaishia hapo.

Sasa ule mwavuli ulikuwa unafanya nini pale?

Mlinzi alikuwa ameshamwambia tangu asubuhi, huku akiangalia nje kwa pembeni, "Dada Kengele, hawa watu wa leo siwaelewi." Yeye mlinzi ni mtu wa miraba minne, si mtu wa kuogopa ovyo. Bosi alimsikia akatabasamu, "Ndiyo vizuri." Barabara yote ilikuwa imejaa. Walioko nyuma hawakuuona mlango wala hawakujua uko nusu, walijua tu kwamba mbele kuna kitu na wao hawajakipata, basi wakawa wanasukuma.

Kengele alijiambia miavuli ya kijani ipo mingi. Akajiambia na uzi mwekundu unauzwa kila duka. Kisha mwavuli ukainuliwa juu zaidi, ukatikiswa huku na huku, kama mama anavyoutikisa getini akitaka afunguliwe, na hapo hakuwa na la kujidanganya. Mama alikuwa anamwonyesha kwamba amefika.

Mwavuli ukainama upande. Ukasimama. Ukainama tena, ukazama katikati ya vichwa, na haukuonekana tena.

Kengele alishusha kipaza sauti. Alingoja uinuke. Aliangalia mahali pale pale bila kupepesa, na pale palikuwa na vichwa vya watu tu, vinakwenda mbele na kurudi kwa pamoja.

"Mlinzi!" aliita bila kipaza sauti. "Inua mlango! Inua wote!"

Mlinzi hakumngoja Bosi. Aliushika mnyororo akauvuta kwa uzito wake wote. Mlango ukalia, ukapanda kidogo sana, ukagoma. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Umekwama!" alipiga kelele. "Wameuegemea, umepinda, umetoka kwenye reli zake! Warudi nyuma kidogo tu, utapanda. Waambie warudi!"

Waambie. Kengele alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Rudini nyuma jamani! Rudini nyuma!"

Kule nyuma walicheka. Wimbo wanaujua. "Twendeni, twendeni, ameanza!" mmoja alisema, na umati ukasogea mbele. Wanawake wawili waliingia chini ya mlango wakitambaa, si kwa kutaka, kwa kusukumwa, mmoja akiwa na kiatu kimoja.

"Yamekwisha!" Kengele alilia. "Hakuna magauni! Yamekwisha, nendeni nyumbani!"

Lilikuwa kosa kubwa kuliko la kwanza. Ngurumo ilipanda kutoka barabarani, kwa sababu kila mteja wa duka lile anajua likisemwa neno hilo mzigo mwingine unashushwa, na wa kwanza ndiye wa kwanza. Kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka. Sanamu ya kulia ikamgonga begani. Hatua moja tu kutoka magotini pake, upande wa pili wa kioo, msichana mmoja alikuwa amebanwa shavu likawa bapa, jicho moja limemtoka linamtazama Kengele, na mdomo wake unatia ukungu kwenye kioo, unafutika, unatia tena. Kila mara ukungu ulikuwa mdogo zaidi.

Kengele alihisi haja kubwa ya kukimbia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, angeweza kushuka mezani na kwenda zake, asione. Hilo wazo lilipita kweli, na likamwogopesha kuliko umati.

"Mama yangu!" Hakujua anasema nini tena. "Jamani, mama yangu! Mama yangu yuko chini, mnamkanyaga! Watu wanazimia! Watu wanazimiaaa!"

Palitulia kidogo. Kidogo tu, pumzi moja. Akadhani wamesikia.

Ndipo barabara nzima, kuanzia mbele ya duka la dawa hadi kule kwenye kona, ikamjibu kwa furaha, "KWA BEI CHEEE!"

Kengele aliisukuma sanamu pembeni. Aligeuka kumtafuta Bosi. Bosi alikuwa amesimama kando ya keshia, simu ameinyanyua usawa wa uso, anamrekodi.

"Hapo hapo," alimwambia kwa upole. "Endelea na sauti hiyo hiyo. Ndiyo yenyewe."

Kuna woga unaomfanya mtu apige kelele, na kuna mwingine unaokuja baada ya huo, ambao ni mkavu. Huo mkavu ndio uliomshika Kengele. Aliyatazama maneno yake yote, akaona hana hata moja lililobaki zima. Rudini, ni tangazo. Yamekwisha, ni tangazo. Watu wanazimia, ni tangazo pia. Alikuwa ameyatumia yote kuuzia nguo. Basi kitu gani duniani kinamwondoa mtu dukani?

Akamkumbuka keshia. Siku moja keshia alichanganya vibandiko, akabandika bei za makoti kwenye blauzi, na hakuna aliyegundua mpaka mchana. Asubuhi yote ile walikaa wakipigana na nzi. Watu waliingia, wanageuza kibandiko, wanakirudisha taratibu kama kimewaunguza, wanatoka. Bosi karibu aumwe.

Kengele akapangusa mdomo. Akaishusha sauti, akaifanya ya ofisini, ya mtu asiyejali ukinunua au usiponunua.

"Tangazo. Bei imepanda."

Alinyamaza kidogo likatua.

"Ofa imefutwa. Magauni ni mara mbili ya bei ya zamani. Narudia, mara mbili. Hakuna kupunguziwa, hakuna kujaribu, ukishika umenunua. Na yako mengi, stoo imejaa mpaka darini, kesho yatakuwepo, na mwezi ujao yatakuwepo. Na yanachuja rangi."

"Kengele!" Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Bosi akifoka.

Nje, neno lilikuwa linasafiri. Ungeliona kwa macho. "Amesemaje?" "Bei imepanda." "Acha masihara!" "Mara mbili, kasema mwenyewe." "Na yanachuja!" "Wezi wakubwa hawa, tumeacha kazi zetu kuja kuchezewa akili!" Mtu akatupa chupa ya maji ikagonga bango. Matusi yalimiminika, ya kwake, ya Bosi, ya mama zao wote wawili, na Kengele aliyapokea kama mvua ya kwanza, kwa sababu anayetukana anageuka, na anayegeuka anaacha kusukuma. Kule kwenye kona watu walianza kuachana. Bosi akachomoa waya wa spika ukutani, lakini alikuwa amechelewa. Shavu la msichana likabanduka kwenye kioo. Akapiga magoti, akakohoa, akashika koo.

"Sasa!" mlinzi akasema, akavuta. Mlango ukapiga kelele ya kukwaruza mpaka meno yakafa ganzi, ukapanda.

Kengele aliruka kutoka mezani, sanamu zikaanguka nyuma yake, hakugeuka. Kizingitini palikuwa na kandambili, vifungo, pochi iliyokanyagwa, na mwavuli wa kijani umepindwa katikati. Aliuokota mwavuli kwanza. Hata mwenyewe baadaye hakuelewa kwa nini. Aliushika akawa anazunguka nao, anaita "Mama! Mama!" kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni, yeye mtu mzima anayejulikana mji mzima kwa sauti kubwa.

"Huyu hapa, dada."

Alikuwa ameketi chini, ameegemea kile kikapu cha magauni yaliyovurugwa. Wale wanawake wawili walioingia wakitambaa ndio waliomvuta kwa kwapa, wakampitisha chini ya mlango. Midomo imekuwa ya kijivu. Kila akivuta pumzi kifua kilipiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa mwembamba sana.

"Inhela iko wapi? Mama, inhela!"

Mama alionyesha kifuani kwa macho. Kengele aliitoa ndani ya nguo, akaitikisa, ikamponyoka ikabiringika chini ya kikapu. Alilala kifudifudi akaipapasa, akaipata, akamtia mdomoni akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Alimtazama mama yake kifuani na hakuthubutu kumtazama usoni. Keshia alikuwa amesimama juu yao anasali kwa kunong'ona. Mluzi ukakatika kabisa, Kengele akaacha kuhema naye, kisha kifua cha mama kikashtuka na kujaa, na kikajaa tena, na mama akakohoa, kikohozi kizito, kizuri.

Walikaa hivyo kwa muda mpaka midomo ikarudi rangi yake.

"Niliunyoosha mwavuli," mama alisema, neno moja moja. "Unione."

"Nilikuona. Mama, si nilikwambia usije? Si nilisema nitakuletea gauni?"

"Nani anataka gauni?" Mama akapumzika kwanza. "Wiki nzima lile gari linapita. Unavyolia humo ndani, mwanangu. Njooni, njooni, msikawie. Nikasema huyu mtoto wangu duka halina watu, watamfukuza kazi, ndiyo maana kanikataza nisije, ananificha. Nikasema acha nije na mimi. Niongeze kichwa."

Kengele aliifunika inhela, akaifungua tena.

"Ukiita vile," mama akasema, "mimi nikae nyumbani?"

Bosi alikuja akachuchumaa na glasi ya maji. Alimpa mama pole zote zinazojulikana, kwa adabu kabisa, akamwita mama yangu. Kisha akamgeukia Kengele akiwa amerudiwa na sauti yake ya sabuni.

"Hilo la bei limenichoma, lakini tutaliongea. Ile nyingine, ile ya kabla, sijawahi kusikia kitu kama kile. Nywele zilinisimama. Pumzika leo."

Kengele aliweka kipaza sauti ndani ya kikapu, juu ya magauni. Akamshika mama mkono, akachukua na ule mwavuli uliopinda, wakatoka. Hakuaga mtu. Mlinzi peke yake ndiye aliyewasindikiza hadi barabarani, akisimamisha magari kwa mkono kana kwamba yeye ni askari.

Kesho yake mchana mama alikuwa amelala kwa kuegemezwa mito, na Kengele ameketi ukingoni mwa kitanda bila kazi yoyote mikononi. Hakuwa amekwenda dukani na hakuwa na nia. Alikuwa akisikiliza pumzi. Kila ikikawia alikuwa anasogea.

Gari alilisikia likiwa bado mbali, ule mkwaruzo wa spika kabla ya maneno. Akajua litapita. Siku zote linapita. Akainuka kufunga dirisha, na kabla mkono haujafika, alisikia sauti ya mwanamke analia.

"Mama yangu! Jamani, mama yangu! Mama yangu yuko chini, mnamkanyaga! Watu wanazimia! Watu wanazimiaaa!"

Na barabara nzima ya watu ikaitika, "KWA BEI CHEEE!"

Kisha sauti ya Bosi, taratibu: "Wenzako walizimia. Wewe unangoja nini? Kesho, ofa imerudi."

Kengele aligeuka. Mama alikuwa amekaa kitandani, macho hayajafunguka vizuri, miguu inapapasa sakafuni inatafuta kandambili.

"Nakuja, mwanangu," alikuwa anasema huku akihema. "Nakuja. Uko wapi? Nakuja!"

"Mama! Mama, niko hapa."

"Unalia wapi?"

"Niko hapa, mama, ona. Mimi huyu." Alimshika mikono yote miwili, akapiga magoti mbele yake ili amwone uso. Nje gari lilikuwa limefika usawa wa nyumba na lile tangazo likaanza upya, mama yangu, jamani mama yangu, na kila sauti ilipoita, mama alishtuka na kutaka kusimama, ingawa macho yalikuwa yamekwisha funguka na alikuwa anamwona mtoto wake waziwazi amefunga mdomo. Mluzi ulikuwa umeanza tena kifuani.

Milango ya majirani ikafunguka. Kengele alisikia kandambili zinakimbia kwenda barabarani, na kicheko, na mtoto wa mtu anaitikia kwa bei chee. Kisha kichwa kikachomoza dirishani, jirani wa nyumba ya pili, uso umejaa furaha, kitambaa bado hajamaliza kukifunga.

"Kengele wangu! Kumbe kesho tena? Nisaidie basi, uniwekee gauni moja mapema, mimi kusukumana siwezi."

Kengele alimtazama. Alitaka kumwambia kila kitu, akajua hakuna hata neno moja ambalo gari halikuwa linalisema wakati ule ule, kwa sauti yake mwenyewe, kwa nguvu zaidi.

"Bei imepanda," alisema.

"Ee?"

"Mara mbili. Na yanachuja."

Jirani akafyonza, akasema kumbe ndiyo tabia zenu, akarudi nyumbani kwake. Gari likakata kona. Kengele akanyoosha mkono kuchukua inhela mezani, na mkono wa pili hakuweza kuutoa, maana mama alikuwa bado ameukamata.